Binti yangu hataki tena kuongea na babu yake, kisa sungura wa kwenye flashi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mikindani. Nina watoto wawili. Mkubwa ni binti wa miaka sita, yuko darasa la kwanza, mdogo bado ananyonya. Baba yao ni dereva wa lori la mizigo, safari za Dar, siku nyingi hayupo. Mimi nauza samaki wa kukaanga jioni, hapo hapo barazani kwangu. Nakueleza haya ili ujue kwamba saa ambayo wenzangu wamekaa na watoto wao, mimi nipo mbele ya karai.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita mdogo wangu wa kiume alikuja na flashi. Alikuwa amepita kwa kijana anayeweka muvi, akamwambia amjazie katuni za wanyama kwa ajili ya mpwa wake. Buku mbili, folda zima. Nikashukuru sana. Nikawa namwashia mtoto, mdogo wake kalala, mimi natoka na karai langu. Wiki nzima mambo yalikuwa shwari: tembo, samaki, vifaranga. Nikisikia anacheka huko ndani, nageuza samaki wangu nikiwa na amani.

Alhamisi moja sikusikia kicheko. Wala sikujali, wateja walikuwa wengi. Mara luku ikaisha, giza ndani na nje, nikamsikia analia. Nikajua ni giza. Nikaingia na tochi ya simu nikamkuta amejibana pembeni ya kochi, ameishika shingo yake mwenyewe kwa mikono miwili. Akaniambia, "Mama, amenyongwa na waya. Damu zimemtoka mdomoni. Wenzake wanamtazama tu."

Nikambembeleza. Nikamwambia ni katuni tu hiyo, michoro, lala. Hela ya umeme sikuwa nayo mpaka kesho yake, na kesho yake sikumwashia tena. Nilichomoa flashi nikaiweka juu ya kabati, nikaona nimemaliza. Mdogo wangu ndiye aliyenitajia jina, Watership Down, muvi ya zamani ya Waingereza. Anasema ni sungura tu, mtoto ana woga wake.

Tangu siku hiyo amekojoa kitandani mara nne, na hilo alishaliacha tangu ana miaka mitatu. Anaamka usiku wa manane kuniuliza kama mlango nimeufunga. Hayo yote ningeyavumilia. Lililonishinda ni la babu yake.

Baba mkwe wangu anaishi kijijini, unashuka Mnazi Mmoja ya Lindi unaingia ndani kwa bodaboda. Ana mikorosho yake, mihogo na karanga. Na kama wazee wengi wa huku, anatega samaki nchanga. Wewe mtu wa kusini huhitaji kuelezwa, ila kwa wasomaji wako wa mikoa mingine: ni panya wa shamba, si hawa wa darini, na binti yangu amewala tangu alipoota meno. Likizo tukaenda. Siku ya pili namtafuta simwoni. Nikamkuta amekaa chini ya mkorosho ukingoni mwa shamba la karanga. Ameutegua mtego wa babu, ule wa ufito uliopindwa wenye kitanzi cha waya. Kile kitanzi amekivaa mkononi kama bangili, anakivuta polepole, anaangalia ngozi inavyobonyea. Pameshaingia alama nyekundu. Hakushtuka kuniona. Akaniuliza, "Mama, na hawa panya, wana majina?"

Sikuwa na jibu, Shangazi. Nilimvua tu kile kitanzi.

Kufika jioni, mitego minane yote imeteguliwa. Babu akauliza nani kafanya hivi, na mtoto akajibu mbele ya watu: "Mimi. Wewe babu ni muuaji." Mzee yule, miaka ile ya simba wala watu, alikuwa akilala juu ya dungu peke yake kulinda shamba na nguruwe pori, wanawe wasife njaa. Hakumpiga, hakumkaripia. Alinyanyuka akaingia ndani, na chakula hakula. Tangu turudi hajapiga simu. Zamani kila Ijumaa akitoka msikitini alikuwa anapiga, aongee na mjukuu wake.

Sasa kila mtu ana lake. Mume wangu anasema mtoto namlea kizungu, aachwe ajikaze. Mama mkwe anasema mtoto kachezewa, anataka anyweshwe kombe. Mdogo wangu anamcheka, siku hizi anamwita Sungura. Mimi nimebaki kujilaumu. Nimwache asahau mwenyewe? Au nimwoneshe tena ile muvi mchana kweupe, aone kwamba ni michoro tu? Na huyu babu nimfanyeje?

Mama wa Mikindani

* * *

Marahaba, mwanangu. Pole na yote, na pole ya pekee kwa hilo la kitanzi mkononi. Nimelisoma mara tatu, kila mara nikijishika mkono.

Kabla ya kukujibu nimefanya jambo ambalo nyumbani kwako, kwa barua yako hii, hajalifanya mtu: nimeitafuta hiyo filamu nikaitazama mwanzo hadi mwisho. Nimeitazama peke yangu hapa Lindi, mlango nimefunga, chai pembeni. Nina umri wa kuwa na wajukuu na kuna mahali niligeuza uso. Kwa hiyo mwambie mdogo wako kwamba woga wa binti yako si woga wa kitoto.

Sasa nisikilize vizuri. Yule sungura hakufa.

Anaitwa Bigwig, sungura mkubwa mwenye kichwa kikali. Ananaswa kwenye tanzi la waya, anatoka povu na damu mdomoni, analegea, na wenzake wenyewe wanadhani amekwisha. Luku yako imeishia hapo. Lakini hawakumtazama tu. Wamechimba pale kigingi cha ule mtego kilipopigwa, wakakitafuna kwa meno mpaka kikakatika. Na baada ya kimya kirefu, kimya ambacho hata mimi kilinikaba, yule sungura anainuka. Anaishi, na karibu na mwisho wa filamu ndiye anayekuja kupambana na jemadari katili wa sungura wengine. Mtoto wako hajui hata moja kati ya haya. Kwa wiki zote hizi amekuwa akiishi na maiti isiyokuwepo, na marafiki wasaliti ambao hawakuwa wasaliti. Akifunga macho usiku, hadithi inaanza palepale ilipokatika.

Ndiyo maana nakuambia usimwache asahau. Kitu kilichokatikia katikati hakisahauliki upesi. Hata sisi watu wazima tukikosa kipande cha mwisho cha tamthilia tunapiga simu kwa jirani. Yeye hana wa kumpigia, kwa sababu mmeshamwambia ni katuni tu.

Hilo neno "katuni tu" tulizungumze kidogo, maana karibu kila mzazi analo, na mimi nimelitumia kwa wanangu. Mtoto wa miaka sita anajua kabisa kwamba sungura yule amechorwa. Hajachanganyikiwa. Alichokiona ni shingo inabanwa na wenzake wamesimama, na hicho hakikuwa mchoro kwake. Ukimwambia ni michoro tu, anachosikia ni kwamba lile lililomwumiza wewe hujaliona. Basi anaacha kukuambia, anakwenda kulipima mwenyewe kwa waya wa babu chini ya mkorosho.

Na wala wewe si wa kwanza kudanganywa na neno katuni. Filamu hii ilitoka mwaka 1978, na kule kwao Uingereza bodi yao ya filamu iliipa alama ya U, yaani ya watu wote, mtoto na mtu mzima. Wazazi waliwapeleka watoto wao wakijua wanakwenda kuona sungura wanarukaruka. Imechukua mpaka mwaka 2022 ndipo bodi hiyo ilipoibadilisha kuwa PG, alama ya kumtaka mzazi aangalie kwanza kama inamfaa mtoto wake. Miaka 44, mwanangu, na wale wana ofisi nzima ya kazi hiyo. Kwetu pia ipo Bodi ya Filamu, na sheria ya filamu na michezo ya kuigiza tunayo tangu mwaka 1976, lakini alama ya umri haipandi kwenye flashi ya buku mbili. Kijana yule ameona sungura kwenye picha, akawatupia kwenye folda moja na vifaranga. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Ulilouliza la kumwonesha tena mchana: hapana. Si sasa. Nakutajia yaliyomo ili usije ukaenda kuyafumania. Kuna shamba linalogeuka damu kwenye njozi ya sungura mmoja. Kuna sungura wa kike anachukuliwa na ndege mwindaji ghafla, mara moja, na labda huyo naye binti yako amemwona, kwa sababu yuko mapema. Kuna sungura wanafukiwa ndani ya mashimo yao na watu wanaotaka kujenga, wanakosa hewa, na picha zake ndizo zilizonigeuza uso. Mwishoni kuna ugomvi wa meno na kucha, kuna mbwa, halafu yule sungura kiongozi, Hazel, anakufa. Huyo anakufa mzee, taratibu, anaitwa na kuondoka. Ni mahali pazuri sana, nililia kidogo, lakini ni kilio cha mtu wa umri wangu. Mtoto akifika miaka kumi na moja, kumi na mbili, mkae wote watatu na baba yake mwitazame.

Kwa sasa mmalizie hadithi kwa mdomo.

Unajua hadithi yenyewe ilianzaje? Richard Adams, aliyeandika kitabu kilichozaa filamu hii, alianza kwa kuwasimulia binti zake wawili wakiwa safarini kwenye gari. Kitabu kilikuja baadaye, mwaka 1972. Nikilisoma hilo namwona baba yule akimtupia jicho binti yake, akiona mdomo unaanza kutetemeka, anaongeza mwendo mpaka sungura ainuke. Skrini haina jicho hilo.

Bibi zetu walikuwa nalo. Usije ukadhani hadithi zetu zilikuwa laini. Sungura na Fisi walipopatana kuwaua mama zao kwa sababu ya njaa, Fisi alimwua wake kweli, Sungura akamficha wake pangoni, na kila siku akawa anakwenda kula kwa mama huku Fisi anakufa njaa. Mimi nilisimuliwa hiyo nikiwa mdogo kuliko binti yako, kwenye mkeka, taa ya chemni inavuta moshi. Lakini bibi alikuwa amenishika mguu. Nikikaza macho, anapitisha haraka pale pa kisu, anarudi kwa Sungura. Nikicheka, anaongeza mbwembwe. Na kuna ahadi moja ambayo hakuna bibi wa pwani hii aliyewahi kuivunja: Sungura hafi. Anatupwa, anafungwa, anatiwa gunia, lakini hafi. Binti yako amekua na Sungura huyo. Halafu Alhamisi moja, peke yake, akamwona Sungura analegea kwenye waya, na umeme ukazimika.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua siku usiyokaanga samaki, au siku iliyoisha mapema. Mtoto awe ameshakula. Zima televisheni. Mwambie, "Yule sungura wa siku ile, nimeuliza nimejua kilichotokea. Unataka nikuambie?" Akikataa, mwache, ataleta mwenyewe, wala usishangae akija nayo bafuni ukimwogesha. Akikubali, anza na hadithi hadithi, aitikie hadithi njoo, kama kawaida yenu, kisha mrudishe palepale: waya, damu, wenzake. Usipalainishe, maana alipaona kwa macho yake na atajua unamficha. Halafu mchimbishe kile kigingi. Mwambie achimbe kwa mikono juu ya mkeka, atafune, asaidie wenzake Bigwig. Sungura akiinuka, mwinuke wote. Atakuuliza tena kesho, na keshokutwa. Jibu lile lile, bila kuchoka. Watoto wa umri huu kifo hakijawakaa sawa kichwani, leo wanakijua ni cha moja kwa moja, kesho wanauliza marehemu atarudi lini, na kuuliza tena ndiyo kazi yao.

Atakayekufa mwishoni, yaani Hazel, usimtaje kwanza. Akiuliza moja kwa moja kama kuna aliyekufa, sema yupo, alikuwa mzee, alikufa taratibu kama wazee wanavyokufa.

Nimefika kwenye swali lake la chini ya mkorosho, panya wana majina? Mwanangu, hilo si swali la mtoto mgonjwa. Nimekaa na watu wazima wenye vyeti ukutani hawajawahi kujiuliza hivyo. Mtoto wa Mikindani hafichwi kifo cha mnyama. Anaona pweza anapigwa mwambani, anaona kuku wa sikukuu, anaona karai lako. Kilichobadilika ni kwamba kwa mara ya kwanza amekitazama kitanzi kutoka upande wa aliyenaswa. Mjibu kweli: "Sisi hatuwapi majina, wao wenyewe sijui wanaitanaje. Tunawala kwa sababu ni kitoweo, na kwa sababu wasipotegwa wanamaliza karanga za babu." Akisema hataki kuwala tena, asilazimishwe na asichekwe. Kisamvu kipo, dagaa wapo. Pengine dagaa nao atawakataa, wiki mbili hivi. Utaishi.

Babu sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu mzee huyu ameniuma.

Umegusa miaka ya simba kwa mstari mmoja tu na ukapita. Wasomaji wangu vijana huenda hawajui. Watafiti waliotoa hesabu mwaka 2005 walihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, na wilaya za huku Lindi ni miongoni mwa zilizoumia kuliko zote. Nguruwe pori walikuwa wanaingia mashambani kula mazao, simba wanafuata nguruwe, na juu ya dungu lililoezekwa kwa nyasi amelala mtu kama baba mkwe wako na debe lake la kugonga. Kwa mzee huyu simba hajawahi kuwa mfalme mwenye sauti nzuri anayeimba. Mnyama kwake ni anayekula shamba, au anayekula watu, au kitoweo. Anayajua hayo kwa kuyalala macho. Halafu anaitwa muuaji na mjukuu wake, mbele ya watu, kwa ajili ya sungura wa Kiingereza. Kunyamaza kwake kulikuwa heshima kubwa, na nina hakika hakukosa usingizi kwa hasira. Ameumia.

Mtoto atamwomba radhi babu kwa lile neno, na kwa mitego aliyoitegua bila ruhusa, maana ile ni kazi ya mtu. Hataomba radhi kwa kuwahurumia panya. Mtenganishie mambo hayo mawili waziwazi, aelewe ni lipi baya. Na babu naye ana kazi. Mtoto huyu ameona tanzi mara mbili, la kwenye skrini na la shambani, na mara zote mbili alikuwa peke yake. Mwombe mzee, wewe mwenyewe, kwa adabu zote, safari ijayo amshike mkono amwoneshe mitego yake. Amwambie kwa nini anatega pale na si kule, kwa nini anaamka alfajiri kuikagua. Wategaji niliowajua mimi walikuwa wanawahi kukagua, kwa sababu kunguru na sisimizi hawangoji, na kwa sababu hawapendi kitu kiteseke bure. Nina imani naye ni hivyo. Akimsimulia na usiku mmoja wa dungu, usiku wowote ule, atakuwa amemaliza kesi. Ila amwangalie usoni huku anasimulia, na pale pa simba apitishe haraka.

Wengine nawapitia upesi. Mumeo: mwambie Shangazi amesema kujikaza mtoto ameshajikaza wiki zote hizi, matokeo yake ni shuka unalofua kila mara, akipiga simu kutoka njiani aombe kuongea na binti, amwulize habari za Bigwig. Kombe: kama ni desturi ya nyumba yenu anywe, dua ya bibi haijawahi kumdhuru mtoto, lakini asiambiwe kwamba kuna mtu kamchezea. Mtoto anayeogopa waya ukimwongezea mchawi umemwongezea usiku. Na mdogo wako aache hilo jina la Sungura. Leo hii.

Kuna jambo nitakuuliza, usinikasirikie. Mtoto aliyerudi kukojoa kitandani, anayeuliza mlango umefungwa, anayemkataa ndugu ghafla, mara chache huwa kuna la zaidi ya filamu. Barua yako hainioneshi hivyo, kila kitu umekieleza tangu ile Alhamisi na nakuamini. Hata hivyo siku moja mkiwa wawili, unamsuka nywele, mwulize polepole kama kuna mtu yeyote, wa popote, amemfanyia jambo asilolipenda. Usimtajie jina la mtu, usimpe jibu mdomoni. Kukiwa na jambo, namba 116 ni ya watoto, simu yake ni bure. Na kama baada ya kumaliziwa hadithi na kupatana na babu yake mwezi mzima unapita naye bado halali, au ameacha kucheza na wenzake, mpeleke hospitali pale Ligula, waeleze yote kama ulivyonieleza, na la kitanzi usiliache.

Karai lako usijilaumu nalo. Linamlisha. Flashi ishushe kabatini, usiku mmoja watoto wakilala uikague, dakika chache mwanzoni, chache katikati, chache mwishoni. Kuna nyingine za wanyama humo zina mama anayepigwa risasi au baba anayekanyagwa na kundi zima, na hizo zimetengenezwa kwa ajili ya watoto hasa, kwa hiyo hata sifa ya kampuni isikutoe wasiwasi. Kwa zile utakazozibakiza, msogezee televisheni karibu na mlango aweze kukuita. Ukisikia kicheko kimekatika, epua samaki, uingie.

Na babu mpigie kabla hujamwambia mtoto lolote. Mpigie Ijumaa, saa ile ile aliyozoea kupiga yeye. Mpe salamu zangu, mwambie nami ni mtu wa huku huku na samaki nchanga wa kuchoma nawapenda, asije akasikia kwa mjukuu kwamba kuna mwanamke wa Lindi mjini ametetea panya.

Shangazi